Anayeahidi na Asitimize



Mama mmoja wa Karagita, hapa Naivasha, alinijia baada ya jumuiya akiwa amekwisha kufunga mizigo arudi kwao Kinangop. Mumewe hufanya kazi katika shamba la maua. Si mlevi, wala hana mwanamke wa nje. Ila huanza kila kitu na hamalizi lolote. Banda la kuku lina nguzo, halina paa. Pesa za mabati zilinunua redio mbovu ya kutengeneza, nayo sasa iko chini ya kitanda. Karo aliapa kuipeleka Ijumaa, akasahau. "Katekista," akasema, "huyu mtu hanipendi."

Nami nilikuwa nimekwisha kumhukumu yule bwana. Katika Mathayo sura ya 21 yumo kijana aliyemwambia baba yake kwamba ataenda shambani, asiende. Miaka mingi nimemfundisha kuwa ni mwongo. Siku hizi nasita.

Iko hali ya kukosa umakini na utulivu, kwa kifupi ADHD. Wengi hudhani ni ya watoto watundu, kumbe wengine huingia nayo katika ndoa, wake kwa waume. Mwaka 2009 Daktari Nora Volkow na wenzake huko Marekani walitangaza matokeo ya kupima ubongo wa watu wazima 53 wenye ADHD na 44 wasio nayo. Dopamini ni kemikali ya ubongo inayotufanya tutamani malipo na kuyafuatia. Kwa wenye ADHD, vipokezi vyake katika sehemu hizo vilionekana kupungua. Baadaye wakagundua kwamba waliopungukiwa zaidi ndio waliokuwa na ari ndogo ya kujituma kazini.

Basi mayai ya miezi sita ijayo hayamvuti mtu huyu. Redio iliyo mkononi inamwita sasa hivi. Anapoahidi, huahidi kwa moyo wote.

Lakini si kila mvivu ana ADHD! Daktari huuliza kama dalili zilianza utotoni, kabla ya miaka 12. Muulizeni mama mkwe, hao husahau machache. Dawa zipo, na washauri wapo. Novena isiwe kisingizio cha kutokwenda hospitali. Na mume anayeelezwa haya yote kisha akakataa kupimwa, huyo namhesabia kosa, kwa maana kiapo cha altareni hakikufutwa na ugonjwa.

Wewe mama, usimpe kazi ya mwezi mzima. Mpe mabati mawili kabla ya chai, kisha msifu watoto wakisikia. Karo ilipwe kwa simu siku ile ile ya mshahara, mkiwa mmeketi pamoja.

Yule mama alifungua mzigo mmoja. Wa pili, aliniambia, ataufungua banda likipata paa.