Gereza na Deni

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Juba, mtu mzima, aliniuliza kwa nini Kiswahili kina majina mawili ya mahali pamoja: gereza na jela. Nilimjibu kuwa majina hayo yana historia. Wataalamu wengi hulihusisha neno gereza na igreja la Kireno, maana yake kanisa. Nao Wareno walijenga Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia mwaka 1593 hadi 1596. Jela tulilipata kwa Waingereza, ambao waliifanya ngome hiyo kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958.

Minyororo ilikuwapo tangu zamani. Lakini desturi ya kupima kosa kwa miaka ya kufungiwa ilienezwa kwetu na serikali za kikoloni. Miongoni mwa wafugaji wengi, kosa lilipimwa kwa ng'ombe.

Katika Sudan Kusini mizani hizo mbili zingali pamoja. Sheria ya Adhabu ya mwaka 2008 inawaruhusu jamaa wa aliyeuawa kuchagua fidia ya kimila badala ya muuaji kunyongwa. Mahakama yaweza kuikubali na kumfunga mkosaji muda usiozidi miaka 10. Naona hekima hapo, kwani mjane hapati riziki kutokana na kitanzi.

"Na asiye na ng'ombe, mwalimu?" akauliza.

Swali hilo si la darasani tu. Mwaka 2012 shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa lilikuta katika magereza yetu watu waliozuiliwa mpaka walipe madeni, faini au fidia. Kifungo chenye kikomo ni adhabu. Kifungo kinachongoja mali ni rehani, na binadamu si kitu cha kuwekwa rehani. Wawili wakikosa kosa moja, mwenye zizi akarudi kwake jioni na fukara akabaki ndani, kinachowatenganisha si hatia.

Yamkini msomaji atasema kuwa mdaiwa akiachwa atatoroka, na mdai atadhulumika. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, aliyefungwa halimi wala hachumi. Kila siku apitishayo ndani huchelewesha haki ya mdai mwenyewe. Heri afanye kazi chini ya dhamana ya wazee wake, alipe kidogo kidogo. Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Sisi tunaoifundisha methali hiyo hatuna budi kuuliza: atalipaje aliyefungwa mikono?