Kuteta na Kutetea

Ukipanda gari Lodwar kuelekea Kakuma, kilomita 120 hivi, humkosi abiria anayeteta. Juzi nilibanana na mmoja. Alianza na nauli, akaja kwa jua, akahamia kwa shemeji yake. Hakuna aliyemjibu, wala hakuonekana kungoja jibu. Tulipofika alishuka, akaanza upya na mtu wa bodaboda.

Sisi Wakenya tunasema anateta, yaani haishi kulia. Kamusi ni kali zaidi: kuteta ni kugombana, na pia kumsema mtu vibaya akiwa hayupo. Kwetu neno limelegea, lakini ladha ile ya mgongoni haijalitoka. Nduguye ni kunung'unika, na hilo ukilitamka polepole utasikia lilikotokea: puani.

Kulalamika kuna heshima yake. Shina ni lalama, na maana yake ya zamani ni kulia ukiomba rehema. Anayelalama ana mtu mbele yake, mwenye uwezo wa kumhurumia. Kushtaki nako, tuliko­kopa kwa Waarabu, ni kupeleka lalamiko kwa mwenye kulisikia.

Kwa hiyo sisemi watu wanyamaze. Barabara ya kutoka Lokichar hadi Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, ilililiwa miaka mingi. Kambi ya Kakuma ipo tangu 1992, na mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2025, wakimbizi waliandamana. Mtu anayemwonyesha mwenye ghala sufuria tupu hateti. Huyo analalama, kwa ile maana ya kale.

Waturkana wana mti wa wazee. Chini yake mtu husimama akaeleza shida yake mwanzo hadi mwisho. Kuteta pale ni vigumu, maana unayemsema ameketi mbele yako juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho usiku hugeuka mto wa kulalia.

Sasa chukua teta, uitie e moja: tetea. Mdomo ni ule ule, ila aliyekuwa akimsema mtu sasa anamsemea.

Basi, ndugu yangu, yale ya mwenye maji uliyopanga kuyateta leo jioni kibarazani, mpelekee mwenyewe kesho asubuhi. Na ukifika kwake, anza na mtungi wa jirani.