Marehemu Anaporudi Nyumbani

Leo nina neno kuhusu Les Revenants, tamthilia ya Kifaransa iliyoanza kurushwa na Canal+ mwaka 2012, inayosimulia mji mdogo wa milimani ambako wafu wanarudi.

Camille alikufa kwenye ajali ya basi la shule. Miaka minne baadaye anaingia nyumbani akiwa na njaa, anakwenda moja kwa moja jikoni kutafuta chakula, wala hajui kwamba alikufa. Mama yake anamwona, na badala ya kupiga kelele anajikaza, anasema naye kama jana tu waliagana. Kila aliyezika mtoto ataelewa kujikaza kule. Kisha anatokea Léna, pacha wake. Huyu amekua, ni msichana wa miaka 19. Camille amebaki na 15. Hapo ndipo tamthilia inaponigusa zaidi: aliyekufa alisimama, sisi tukaendelea, na hata akirudi leo hatutakuwa wale aliotuacha.

Udhaifu upo, tena mkubwa. Msimu wa pili, wa mwaka 2015, unarundika mafumbo: maji, bwawa, watu wa msituni. Maswali yanazidi majibu, na msiba wenyewe unasahaulika.

Ukiweza, tazama vipindi vinane vya msimu wa kwanza. Na kama unajua nyumba yenye msiba wa zamani, wapitie leo uwajulie hali.