Haki ya Mtoto wa Aliyevunjika Njiani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kando ya njia kuu itokayo Dar es Salaam kupita Morogoro kwenda Iringa na Mbeya, chini ya milima ya Uluguru, pana Mzumbe. Ni mahali pa elimu. Pana skuli ya sekondari, na Chuo Kikuu kilichopata daraja hiyo mwaka 2001. Magari makubwa hupita upande huo usiku na mchana. Mbele yake, kwa upande wa Mikumi, mahali paitwapo Melela Kibaoni, siku ya Ijumaa 18 Machi 2022, gari la abiria lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Tanga liligongana na lori. Watu zaidi ya 20 walifariki na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Wafu walizikwa na kuombewa, na ndivyo ipasavyo. Walakini khabari ya majeruhi hukoma midomoni mwa watu siku watokapo hospitali, na siku hiyo ndiyo taabu yao ianzapo.

Na azingatiwe mtu mmoja katika watu wa namna hiyo, awe mkulima ashushaye ndizi kutoka mlimani, au mwendesha pikipiki, au utingo wa lori, aliyevunjika uti wa mgongo. Mwezi wa kwanza majirani huja na sukari na unga. Mwezi wa pili huja mmoja mmoja. Mwezi wa tatu huuzwa mbuzi, kisha pikipiki, kisha shamba likakodishwa. Baada ya shamba, kinachobaki kuuzwa ni skuli ya watoto.

Atasema mtu: skuli za msingi na sekondari za serikali hazitozi ada tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022, basi nini kimzuiacho mtoto? Jawabu ni kuwa kimzuiacho si ada. Ni sare iliyochanika, na daftari, na chakula cha mchana. Na zaidi ya hayo ni mikono yake mwenyewe. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yataka ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, ama sivyo mwili huingia vidonda. Mama amekwenda kulima kibarua ili wapate kula. Basi binti hubaki kumgeuza babake, na kaka yake hwenda kuuza mboga njiani, pale pale magari yapitapo. Hapana aliyewaambia waache skuli. Wameacha kidogo kidogo. Siku ya gulio kwanza, kisha siku ya hospitali, hatta majina yao yakakatwa katika daftari la mwalimu.

Na hapa pana jambo walisahaulo watu wengi. Yatima katika Sharia ni mtoto aliyefiwa na babake kabla ya kubaleghe. Mtoto huyu babake yu hai. Kwa hiyo sanduku la mayatima humpita, na sadaka ya Ramadhani humpita. Si yatima kwa jina, na wala hana faida aipatayo mwenye baba. Walakini mlango wake u wazi, nao ni mlango wa babake. Katika Surat at-Tawba wametajwa watu wa namna nane wastahikio zaka, na wa kwanza wao ni mafakiri. Maulamaa wa madhehebu ya Shafi wamebainisha kuwa fakiri ni yule asiye na mali wala kazi ya kumkidhia haja yake. Tena wamesema apewe kimtoshacho, na mwenye kazi apewe vyombo vya kazi yake. Sahani ya wali siku ya Idi haitoshi. Aliyekatika miguu na mikono yake ni mizima apewe cherehani, au mtaji wa duka, apate kubaki mkubwa wa nyumba yake mbele ya watoto wake. Na asingojewe mpaka aombe. Katika Surat al-Baqara wamesifiwa mafakiri ambao mjinga huwadhani ni matajiri kwa kuwa hawaombi.

Wengine humwambia: hii ni kadari, nyamaza. Kadari ni haki, walakini kudai haki si kuikanusha kadari. Sharia imeuwekea mguu mmoja nusu ya diya, nayo ni ngamia 50, na diya ya kosa lisilokusudiwa huchukuliwa na jamaa wa mkosaji kwa muda wa miaka mitatu. Na sheria ya Tanzania humlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kuwafidia wengine wanaodhuriwa nalo. Wangapi hulala vitandani wasijue kuwa wana haki hiyo? Mwenye kujua kusoma naamwandikie asiyejua, afuate karatasi ya polisi na ya daktari mpaka mwisho.

Katika Surat al-Kahf pana kisa cha ukuta uliotaka kuanguka, na chini yake pana hazina ya watoto wawili. Aliyeusimamisha hakutaka ujira, na watu wa mji ule walikuwa wamekataa hata kumkaribisha. Mwenyezi Mungu alitaka watoto wakue, waitoe hazina yao wakiwa na nguvu. Baba ni ukuta, na elimu ni hazina. Ukuta ukiinama na pasiwe na wa kuusimamisha, watoto huichimbua hazina kabla ya wakati, wakaiuza kwa chakula cha siku moja.

Basi kila msikiti ulio na mtu wa namna hii, wanaume wake wagawane zamu za kumgeuza mgonjwa asubuhi, ili binti aende skuli. Mmoja naaende kwa mwalimu kabla jina halijakatwa. Na mjomba, ambaye kwa Waluguru ukoo wa watoto ni ukoo wake, asingoje kuitwa.

Mwenyezi Mungu awaponye waliovunjika, na awahifadhi watoto wao. Amin.