Tembo Wasio na Pembe

Mwaka 1972 Hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, ilikuwa na tembo zaidi ya 2,500. Kufikia 2000 walibaki chini ya 250. Katikati hapo palikuwa na vita, 1977 hadi 1992. Jeshi la serikali na waasi wa Renamo walipingana kwa yote, ila kwa tembo walielewana: nyama chunguni, pembe sokoni.

Njaa ya mpiganaji naielewa. Kinachonitisha ni mazoea. Wengi wa waliobeba bunduki walikuwa vijana, wengine watoto waliotekwa vijijini. Kidole kikishazoea kumlenga mama mwenye ndama ubavuni, kitajuaje kusita mbele ya mama wa mtu?

Majike waliozaliwa bila pembe mara nyingi waliachwa, maana hawakuwa na pembe za kuuza. Wakazaa mabinti kama wao. Kati ya majike waliozaliwa baada ya vita, theluthi moja hivi hawana pembe. Hilo wanasayansi wamelihesabu. Yaliyobaki vifuani mwa wafyatuaji hayahesabiki.

Amani ilipokuja, wapiganaji wa zamani wa pande zote mbili waliajiriwa hifadhini humo humo, kuwalinda tembo.