Dhamana ya Mnunuzi

Mwenye kiwanda cha viatu anunuapo ngozi kwa mtu amwagaye maji ya sumu mtoni, je, yeye hana dhamana? Mto Ngong hutoka upande wa viwanda vya Nairobi, ukapita karibu na Tassia. Maji yake hufika Athi, kisha Sabaki, yakatoka baharini karibu na Malindi. Basi sisi wa pwani tu majirani wa Tassia, tupende tusipende.

Sheria ya mwaka 2022 yamtwika mtengenezaji taka za bidhaa yake. Wako wasemao: muuzaji huyo na aachwe mara moja. Hatuoni hivyo. Atapata mnunuzi mwingine asiyeuliza, na mto utabaki vile vile. Yafaa kwanza apewe muda maalumu, na bei itakayomwezesha kuyasafisha maji yake. Akikataa, ndipo aachwe.