Arabuni ya Motokaa



Kila mwaka, mvua zikisha kukoma na pamba kupasuka mashambani, nyumba nyingi za Usukumani huamka pamoja kabla ya jua. Ndivyo ilivyo huko Nkoma, katika Wilaya ya Itilima, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Bariadi. Baba yumo shambani, mama yumo, na watoto wamo. Pamba huchumwa kwa vidole, huchambuliwa safi na fifi, kisha hupelekwa kwenye mizani. Fedha ya mizani ile imewasomesha watoto wengi wa Nkoma. Leo twataka kusema habari ya kitu kinachoonekana kuwa mbali sana na mizani ile, yaani motokaa mpya ya mbio iagizwayo kwa wakala.

Huenda mtauliza: jambo hili latuhusu nini? Njia za Nkoma zajua baiskeli, pikipiki na mkokoteni wa ng'ombe. Ni nani huko awezaye kuagiza motokaa ya namna hiyo? Lakini watoto wa Nkoma hawakai tena Nkoma tu. Wako Mwanza, wako Dar es Salaam, wako Nairobi na ng'ambo. Wako waliofanikiwa katika biashara, madini, uhandisi na uganga, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Basi na tumfikirie kijana mmoja wa namna hiyo. Jina hatumpi, maana si mtu mmoja. Huenda ni wa nyumba yako, msomaji, au ni wewe mwenyewe.

Kijana huyu hakuiba. Fedha yake ni ya jasho. Tangu utoto alipenda motokaa, na sasa ameingia katika duka la wakala, akapewa kiti na kikombe cha kahawa. Anataka Porsche 911, motokaa iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963, na ambayo hata leo hutengenezwa Zuffenhausen, katika mji wa Stuttgart, Ujerumani. Motokaa kama hii hainunuliwi kama debe la mahindi. Mnunuzi hupewa orodha ndefu ili achague rangi ya nje, ngozi ya viti, magurudumu, hata rangi ya uzi wa kushonea viti. Kisha hutia sahihi, hutoa arabuni, na kungoja miezi mpaka kiwanda kimalize ile iliyo yake.

Je, kupenda chombo kizuri ni dhambi? La, hatusemi hivyo. Akili iliyobuni mtambo uwezao kutoka katika kusimama hata mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika sekunde kama nne ni kipaji cha Muumba. Mikono ya mafundi walioushona na kuukaza ni mikono ya wafanyakazi wenye haki ya ujira wao. Tena upendo huu si mgeni kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi motokaa zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, watoto wakikimbilia kando ya njia kuzitazama. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh wa Kenya, pamoja na nduguye Jaswant. Nao hawakushinda kwa motokaa mpya. Volvo yao ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia, nao wakaipata ikiwa kuukuu. Ushindi ule ulitoka katika ufundi na uvumilivu wao, haukutoka katika upya wa rangi.

Kwa hiyo neno letu si kwamba motokaa ni mbaya. Neno letu ni hili: kabla ya kutoa arabuni, yatupasa kuuliza ni nani aliyekwisha kutoa arabuni kwa ajili yetu.

Bwana wetu Yesu Kristo, katika Injili ya Luka, alisema habari ya mtu atakaye kujenga mnara, ambaye hapana budi aketi kwanza na kuhesabu gharama. Na sisi tuketi, tuhesabu. Motokaa hiyo, kule inakouzwa Ulaya na Marekani, hupita dola 100,000. Ikifika bandarini Dar es Salaam hukutana na ushuru wa forodha, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 25; kisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa mtambo uzidio ujazo wa sentimita 2,000; kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kila kodi huhesabiwa juu ya ile iliyotangulia. Basi dola 100,000 zimekuwa dola 162,000 na ushei, wala hatujataja nauli ya meli na bima. Tukihesabu kila dola kuwa shilingi 2,500, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 400.

Sasa tuipeleke hesabu hiyo kwenye mizani ya Nkoma. Mwaka 2023 bei ya pamba ilitangazwa kuanzia shilingi 1,060 kwa kilo. Chukueni jamaa ya watu wenye ekari nne, na kila ekari itoe kilo 300, ambayo kwa mkulima wa jembe na mvua si haba. Jamaa hiyo itapata kilo 1,200, yaani shilingi 1,272,000 kwa mwaka mzima, kabla ya kutoa gharama ya mbegu na dawa. Ili kuinunua motokaa ile, jamaa hiyo ingelima miaka zaidi ya 300 bila kula. Na arabuni peke yake, ikiwa ni sehemu moja ya kumi ya bei ya kwanza, ni shilingi milioni 25: pamba ya miaka karibu 20.

Hatukuleta hesabu hizi ili kumwaibisha kijana wetu. Mshahara wa mjini haupimwi kwa mizani ya pamba, nasi twajua. Lakini hebu atazame tena ile miaka 20. Tangu darasa la kwanza hata kumaliza chuo kikuu, yeye mwenyewe alisoma miaka 16. Ada, sare, madaftari, nauli na sanduku la shule vilitoka wapi? Vilitoka katika ekari zile nne. Tena si katika ekari tu. Katika nyumba nyingi za namna hiyo yupo dada. Alimaliza darasa la saba mwaka ule ule ambao kaka yake alichaguliwa kwenda mbele, na fedha ilitosha mtoto mmoja. Wazee wakashauriana usiku, na asubuhi yule msichana akaambiwa abaki. Hakuna aliyemwuliza rangi aitakayo. Alichukua jembe, akaenda shambani, na pamba aliyoichuma ikamsomesha kaka.

Huyo ndiye aliyetoa arabuni. Alitoa kitu kisichorudi, nacho ni ujana wake. Tangu siku ile amekuwa akingoja, si kwa miezi kama angojavyo mnunuzi wa motokaa, bali kwa miaka, wala hakupewa hati. Ile fomu ya wakala ina mistari mingi, lakini haina mstari wa jina lake. Basi ni juu yetu kuuandika.

Msiseme kwamba hii ni husuda ya maskini, au siasa iliyokwisha kupita. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1960 watu wa Afrika Mashariki waliwatungia wakubwa wapya jina la Wabenzi, kwa ajili ya motokaa zao. Ni kweli kwamba tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Lakini majuma saba tu baadaye, tarehe 26 Machi 1967, Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya mataifa, akafundisha mafundisho ya zamani ya Mababa wa Kanisa: kwamba mali ni haki ya mtu, lakini si haki isiyo na mpaka, wala hapana mtu aruhusiwaye kujiwekea peke yake kile kilichozidi haja yake, hali wengine wamekosa vya lazima.

Papa huyo alikuwa amekwisha kufundisha hivyo kwa tendo. Mwezi wa Desemba 1964 alikwenda Bombay kwa Kongamano la Ekaristi, na huko alipewa motokaa kubwa aina ya Lincoln ya kumchukua barabarani. Alipoondoka alimwachia Mama Teresa. Mama Teresa hakuipanda. Aliitolea bahati nasibu, na fedha iliyopatikana akaitumia kwa kijiji cha wenye ukoma. Hata hayati Papa Fransisko, mwaka 2017, alipoletewa motokaa mpya ya mbio na kiwanda cha Lamborghini, aliibariki, akatia sahihi juu yake, akaitoa ikauzwe mnadani kwa ajili ya kazi za huruma, mojawapo ikiwa ni kuwajengea upya nyumba Wakristo wa uwanda wa Ninawi, nchini Iraq. Naye mwaka 2013 alikuwa amewaambia waseminari na wanovisi kwamba humwumiza kumwona padre au sista mwenye motokaa ya toleo jipya kabisa. Basi hukumu hii na ianze na sisi watu wa Kanisa, kabla hatujamwendea kijana wa Nkoma.

Liko na jambo la pili, nalo lahusu Amri ya Tano. Motokaa hii yaweza kupita mwendo wa kilomita 280 kwa saa. Sheria yetu, katika makazi ya watu, yaruhusu 50. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, yataja kuwa ni kosa kubwa kuhatarisha maisha yako na ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi. Na tufikiri siku kijana atakapotaka kuionyesha kwao. Lami itaisha, vumbi litaanza, na tumbo la motokaa li karibu na ardhi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga utaishika kama gundi, na mkokoteni wa ng'ombe utaipita. Hapo wazee watacheka kidogo, na haki yao. Lakini hatutaki mtoto wa shule aliye kando ya njia alipe gharama ya maonyesho hayo.

Sasa tuseme neno la kutumika. Kwako kijana: kabla ya kutia sahihi, keti na karatasi, uandike kwanza majina ya wale waliokulipia. Je, mama ana dawa na paa lisilovuja? Je, dada yako ana watoto wanaongoja ada kama ulivyongoja wewe? Je, motokaa hii yalipwa kwa akiba yako, au kwa mkopo utakaowabana wengine? Ukisha kuyajibu hayo kwa haki, na kitu kikabaki, tumia sehemu yako kwa shukrani, wala usione haya.

Ikiwa umekwisha kutoa arabuni, usimdanganye wakala kwa visingizio vya ugonjwa na misiba. Neno la Mkristo ni neno. Mwendee kwa kweli, uombe kufunguliwa mapatano au kubadili agizo, na ukipoteza arabuni, ihesabu kuwa ni ada ya somo.

Kwenu wazazi na ndugu: msimfanye mtoto kuwa ghala lisilofungwa mlango. Wako vijana mjini waliochoka kwa kuombwa kila juma, hata fedha ya kuoa hawana. Kisha ni sisi sisi tunaomcheka arudipo kwa basi, na kumpigia vigelegele arudipo kwa motokaa ya kukopa. Tukimheshimu mtu kwa magurudumu yake, tusishangae akiyanunua kabla ya kutukumbuka. Tena mkipaswa kuchagua mtoto mmoja wa kusoma, msimwache msichana kila mara.

Neno hili arabuni, ndugu wapendwa, limo katika Maandiko. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, aliliazima sokoni ili kumtaja Roho Mtakatifu, kwamba yeye ndiye malipo ya kwanza ya urithi tuliowekewa. Kumbe hata Mungu ameketi, amehesabu gharama, na ametoa arabuni kwa ajili yetu, gharama yenyewe ikiwa ni Damu ya Mwanawe. Mtu aliyenunuliwa kwa thamani hiyo hahitaji motokaa ili ajulikane kuwa ni mtu. Naye yule dada aliyebaki Nkoma na jembe lake amenunuliwa kwa thamani iyo hiyo.

Siku moja nasi tutafikishwa kwenye mizani. Mpima hatatuuliza tulifika kwa mwendo gani. Atatuuliza habari ya wale tuliowaacha njiani. Tumwombe neema ya kurudi kuwachukua, maadamu jua halijatua.